Drafti Kwenye Laini ya Mahindi

Ketini vizuri. Wewe wa nyuma, weka hiyo simu mfukoni, haitaenda mahali. Nimeambiwa nyinyi ndio mtakuwa mkifunza wageni drafti hapa ukumbini Pioneer kila Jumamosi, na Madam wenu amenisumbua sana ati nije niwaeleze vile nilikuwa nikifunza. Nikamwambia mimi sikuwa mwalimu, nilikuwa muuza chai. Akaniangalia tu. Mnamjua akiangalia mtu vile. Basi nimekuja.

Chai niliuza mbele ya geti la depo ya mahindi, hapa Eldoret, kuanzia Njoki wangu akiwa mgongoni mpaka Njoki mwenyewe akaniambia, Mama, hayo magoti yamechoka, kaa nyumbani. Wengi wenu hamzijui laini za wakati ule. Msimu wa mavuno, trekta na malori yalipangana kutoka getini, yakapita kibanda changu, yakapita fundi wa magurudumu, yakapinda na barabara hadi mwisho wake huuoni. Watu walileta mahindi ya kuuza kutoka Soy, wakatoka Moi's Bridge, wakatoka mashamba ya ndani ambayo hata majina sikuwahi kuyajua. Mtu analala chini ya trela yake siku nenda siku rudi. Akisogea kidogo, anazima injini tena. Na mtu aliyezima injini atafanya nini? Atakunywa chai, atagombana na mwenzake, au atacheza drafti. Mimi nilitaka anywe chai. Kwa hivyo nilitaka acheze drafti, maana anayecheza haendi kibanda cha jirani, na wanaomtazama pia hawaendi. Ndio mwanzo wa ualimu wangu huo. Msicheke, nawaambia ukweli.

Ubao wangu ulikuwa kipande cha plaiwudi nilichookota, vyumba vyeusi nikavipaka rangi ya viatu. Kete zilikuwa vifuniko vya soda. Mmoja anacheza na vilivyolala chali, mwingine na vilivyolala kifudifudi. Upepo ukija unashika ubao kwa mikono miwili na kuomba Mungu.

Aliyenifunza mimi ni Mzee Abdi, dereva wa lori aliyekuwa akileta mizigo kutoka kaskazini na kurudi na mahindi. Mtu mrefu, mpole, kanzu safi hata akitoka chini ya lori. Alikuwa na mswaki wa kijiti mdomoni saa zote. Nikicheza na mteja, Mzee Abdi anasimama nyuma yangu akitafuna hicho kijiti, na mambo yangu yakiharibika anatafuna haraka zaidi. Nilidhani ni meno yanamsumbua. Siku moja nikamuuliza kama nimtafutie dawa. Akacheka mpaka akashika mlango wa lori.

Sasa, kufunza. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Moi's Bridge, mtu wa heshima, koti lake na kofia. Nikapanga kete zote, zake na zangu, nikamweleza kila kitu: hii inaenda hivi, hairudi nyuma, ikifika mwisho inakuwa kingi, kingi anatembea mbali, kula ni lazima, ukiacha kula umekosea. Yule mzee akaitikia, ndio, ndio, ndio. Nikamaliza nimekauka koo. Akaniuliza, "Sasa Mama, tunatumia mkono gani?" Kisha akarudi kwa trekta yake kulala. Mzee Abdi akatoa mswaki mdomoni, akaniambia, "Mama Njoki, mtu ameomba ugali, wewe umembebesha gunia."

Kuanzia siku hiyo nikawa naanza na kete tatu. Tatu zake, tatu zangu, ubao wote mtupu. Mgeni anaona kila kitu, hakuna msitu wa kumpoteza. Anashinda, anashindwa, anapanga tena kabla chai haijapoa. Akizoea tatu, mpe tano. Huyo mtoto mnayemwekea kete zote siku ya kwanza mnamfukuza, hata kama mnamwambia karibu.

Kitu cha pili, kula ni lazima. Mgeni akisikia hivyo anafurahi. Anadhani ni zawadi. Mwache ale. Mlishe moja, atameza akitabasamu, kisha umle mbili. Usimwambie kitu. Mlishe tena. Mara ya tatu mkono wake utasimama hewani, na hapo ndipo somo linaanza. Usimweleze mtego kabla hajaumwa nao, atakuitikia tu kama yule mzee wa Moi's Bridge.

Cha tatu, na hiki nilikuwa nakisisitiza kama mama mkwe: mdomo kabla ya kidole. Kabla hujagusa kete, jiulize kwa sauti yako mwenyewe, nikienda hapa, yeye ataenda wapi? Iseme. Nong'ona. Watu watakucheka, wacha wacheke. Mkono una haraka kuliko kichwa, lakini mdomo ukianza kuongea mkono unangoja.

Halafu kuna barabara ya Uganda. Angalieni ubao. Kuna mstari mmoja wa vyumba vyeusi unaotoka kona hadi kona, mrefu kuliko yote. Madereva waliuita barabara ya Uganda kwa sababu unapita moja kwa moja hausimami. Ukibaki na kingi mmoja peke yake, na mwenzako ana kingi wawili, hata watatu, wewe kaa barabara ya Uganda. Nenda, rudi, nenda, rudi. Hatakushika. Hutashinda, lakini yeye pia hatashinda. Ni sare. Hili somo wageni hulichukia, na aliyelichukia kuliko wote ni msichana mmoja wa Soy anayeitwa Jeptoo. Habari yake ndiyo nimekuja kuwapa, hayo mengine ni ya kuwasha jiko.

Lakini kwanza mjue sheria za laini. Zilikuwa mbili, na hazikuandikwa popote. Ya kwanza ilihusu mdomo wa pembeni. Mtazamaji akimwonyesha mchezaji, kwa neno au kwa kidole, au hata kwa kukohoa kwa maana, yule aliyesaidiwa ameshindwa hapo hapo. Ilikuja baada ya mtu mmoja kusema neno moja tu, "Kushoto," na mwingine akatoa spana chini ya kiti cha lori. Tuliwatenganisha kwa taabu. Ya pili, geti likiita gari lako, mchezo umekufa. Hakuna aliyeshinda, kila mtu abaki na chake, maana geti halingoji mtu.

Na kulikuwa na mazoea mengine. Watu wawili wakikubaliana, waliweza kubadilishana nafasi kwa laini. Karani wa geti hakujali, idadi ya magari ni ile ile. Yalianza vizuri, mtu ana mgonjwa nyumbani, mwenzake anampisha. Lakini mnajua watu. Siku hazikupita nyingi wakaanza kuchezea nafasi drafti. Mtu amelala barabarani wiki, ameshakaribia geti, halafu anaweka hiyo nafasi kwa vifuniko vya soda! Nilikuwa nawagombeza mpaka sauti inaisha. Wananiambia, Mama Njoki, leta chai.

Jeptoo alikuja akiendesha trekta mwenyewe. Hilo peke yake liliwanyanyua wanaume shingo. Baba yake alikuwa ameanguka kutoka juu ya ghala akipakia mahindi, mguu uko kwenye plasta, kaka hana, basi msichana akaambiwa peleka wewe. Alikuwa na umri kama wenu. Mavuno yote ya kwao yalikuwa kwenye ile trela, yamefunikwa na turubai kuukuu lililochanika katikati kama suruali ya mtoto. Mahindi yakinyeshewa yanakataliwa pale getini, kuna mashine ya kupima unyevu na haijui kubembelezwa. Unarudi nayo nyumbani, na kama huna mahali pa kuyaanika yanaota kuvu. Mahindi ya kuvu hata ng'ombe humpi.

Nilimfunza katika zile siku za kungoja. Alikuwa na akili kali na pupa kali vilevile. Kete tatu alizimaliza asubuhi moja. Kunong'ona alikataa kwanza, akasema anaonekana kama mlevi. Nikamwambia mlevi anayeshinda ni nani? Akaanza kunong'ona. Lakini nilipomwonyesha barabara ya Uganda, akasukuma kete zote kando.

"Mama, hiyo ni ya watu waoga. Kwetu mtu akikimbia, anakimbia ashinde. Nani anakimbia ili wafike pamoja?"

"Cheza tu, ujue ipo."

"Aa-aa. Nionyeshe kulisha."

Nikamwonyesha mara moja hivi kwa nguvu, akiangalia upande mwingine. Sikujua kama ameshika.

Sasa kulikuwa na mtu tukimwita Injinia. Hakuwa injinia wa kitu chochote, alikuwa dereva wa lori la broka, dalali wa mahindi. Kijana nadhifu, mcheshi, anajua majina ya watoto wa kila mtu. Anaingia mwisho wa laini Jumatatu, Jumanne unamwona katikati, Jumatano yuko mbele. Nafasi zote hizo alizipata kwa drafti. Njia yake ilikuwa moja. Mgeni anacheza naye mara ya kwanza, anashinda. Anacheza mara ya pili, anashinda, na Injinia anashika kichwa, woi, nimepatikana! Mara ya tatu ndio ya nafasi.

Siku hiyo Jeptoo alikuwa wa pili kutoka getini. Mbele yake lilibaki lori moja tu. Mimi nilienda kuchota maji kwa bomba la nyuma ya fundi, na nikiwa kule nikaona mawingu yamejikusanya nyuma ya depo, meusi, chini kabisa. Mvua ya msimu wa kuvuna haina adabu, inakuja bila hodi. Nikabeba mtungi nikirudi haraka. Nikakuta watu wamezunguka kibanda changu na kumenyamaza. Kelele ya drafti naijua. Kimya cha drafti nakiogopa.

Jeptoo alikuwa ameketi upande mmoja wa ubao, Injinia upande wa pili. Katikati yao, chini, kulikuwa na turubai. Jipya, la kijani, bado lina mikunjo ya duka.

"Mnachezea nini?" nikauliza.

Fundi wa magurudumu akanijibu. "Msichana akishinda, turubai ni lake. Injinia akishinda, wanabadilishana nafasi."

Jamani. Injinia siku hiyo alikuwa huko nyuma kabisa, karibu na mwisho. Nikaweka mtungi chini, maji yakanimwagikia miguu.

"Jeptoo. Umekubali?"

"Mama, angalia mawingu. Angalia turubai langu. Mvua ikija sasa hivi kabla geti halijaniita nitafunika na nini, na leso?" Alikuwa anatabasamu. "Na nimemshinda asubuhi. Mara mbili!"

"Na yeye amekushinda mara ngapi?"

"Hata moja."

"Ndio maana naogopa," nikasema.

Angekataa wakati huo? Hangeweza. Pale kwa laini hatukuwa na karatasi, neno la mtu mbele ya watu ndilo lilikuwa kila kitu. Ukilirudisha, kesho hakuna atakayekulindia trela ukienda msalani. Hata Injinia, na ujanja wake wote, hakuwahi kurudisha neno. Nikamshika Jeptoo bega. Nilitaka kumwambia maneno matatu tu, barabara ya Uganda. Nikafungua mdomo, "Kumbuka ile—"

"Mama Njoki," Injinia akasema, kwa upole kabisa, "kete zimeshapangwa."

Na alikuwa sawa. Kete zikishapangwa mdomo wa pembeni umefungwa. Nikarudi nyuma ya jiko langu, nikaendelea na chapati zangu.

Walianza. Jeptoo alikuwa anacheza haraka, vile mtu anacheza akiwa na ushindi wa asubuhi kichwani. Hanong'oni. Midomo imefungwa kabisa, mkono unaruka tu. Injinia akamlisha moja. Akala. Injinia akala mbili. Watu wakaguna. Akamlisha tena, na kula ni lazima, akala, na Injinia akaruka, akaruka, akaruka, vifuniko vikilia juu ya plaiwudi. Niliona uso wa Jeptoo ukibadilika, ukawa wa mtoto. Akaangalia trela yake. Akaangalia juu. Upepo ulikuwa umeanza kuokota makaratasi barabarani.

Kule getini, lile lori la mbele lilikuwa limeingia kwa mizani. Karani alikuwa amesimama mlangoni, kiganja amekinyoosha nje, anangoja tone. Mlinzi naye alikuwa ameshika mnyororo. Tone la kwanza likianguka wanafunga geti, na aliye nje atajijua. Kwa hivyo mjue vile mambo yalivyokuwa: geti likimwita Jeptoo kabla hajashindwa, mchezo umekufa, ameokoka. Akishindwa kwanza, nafasi yake imeenda, na mvua itamkuta kule mwisho. Na mvua yenyewe ikija kabla ya vyote, basi.

Ndipo nikaona midomo yake ikianza kutikisika. Alikuwa ananong'ona. Nikienda hapa, yeye? Nikienda hapa, yeye? Mkono ukapoa. Alitoa kete moja iliwe, akatoa nyingine, nami nikadhani amekata tamaa, kumbe alikuwa anafungulia njia kete yake ya mwisho. Ikapita. Ikafika mwisho. Fundi akaivisha kifuniko cha pili juu, kingi.

Kingi mmoja, peke yake. Injinia alikuwa na kingi wawili na kete moja ya kawaida.

Jeptoo akamweka kingi wake kwenye ule mstari mrefu. Sikujua kama anajua anachofanya au ni bahati. Nikashika nguzo ya kibanda. Injinia akainama. Mara ya kwanza siku hiyo niliona jasho lake. Alikuwa na haraka pia, mahindi ya bosi wake yalikuwa wazi, turubai liko hapa chini ya ubao, na mawingu hayachagui.

Akafikiri. Kisha akafanya kitu kizuri sana, nasema kizuri kwa sababu lazima mtu apewe haki yake. Ile kete yake ya kawaida akaisogeza katikati ya ubao, akaiacha peke yake, nyuma yake wazi. Haikuwa inalika moja kwa moja. Ili kuilenga, ilibidi kingi wa Jeptoo atoke barabarani, aende pembeni chumba kimoja, halafu zamu inayofuata aimeze. Ilionekana kama mtu amechoka, amekosea. Ilikuwa mtego. Akitoka tu, kingi mmoja wa Injinia anashika barabara, wa pili anafunga njia, na kwisha.

Mimi niliuona mtego kabla Injinia hajaondoa kidole.

Na Jeptoo akanyoosha mkono. Wapenzi, nimezaa watoto na nimezika mume, lakini sijui kama nimewahi kubanwa vile. Kidole chake kilikuwa juu ya kingi, kinaelekea pembeni. Neno lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Usitoke! Neno moja. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, kwa sababu walijua nimemfunza mimi, na Injinia pia alikuwa ananitazama mimi, hatazami ubao. Alikuwa anangoja nifungue mdomo. Nikisema amepoteza. Nisiposema, labda amepoteza. Mdomo wangu ukaanza kufunguka wenyewe. Nikachukua chapati nzima kutoka kwa sinia, ya moto, ikitoka kwenye chuma sasa hivi, nikaisukuma yote mdomoni.

Ilinichoma mpaka machozi yakatoka. Nikatafuna. Nikatafuna kama ng'ombe, mbele ya watu wazima. Na katikati ya kutafuna nikamwelewa Mzee Abdi na kijiti chake, baada ya miaka hiyo yote. Nilitaka kumtafutia mtu dawa ya meno na shida haikuwa meno!

Midomo ya Jeptoo ilikuwa inatikisika. Nikienda hapa, yeye? Kidole kikasimama hewani. Nikienda hapa... yeye?

Kidole kikashuka. Akamgusa kingi, akamsukuma moja kwa moja, barabara ya Uganda, kutoka kona hadi kona.

Mtu mmoja nyuma akacheka, "Mwoga huyo!" Jeptoo hakugeuka. Injinia akasogeza. Jeptoo akarudi kona ya kwanza. Injinia akasogeza kingi wa pili, akazunguka, akatega upande wa juu. Jeptoo akaenda. Injinia akatega chini. Jeptoo akarudi. Nilisikia vumbi la barabarani likianza kunuka mvua.

Filimbi.

"Trekta ya Soy!" mlinzi akaita. "Trekta ya Soy, harakisha!"

Mchezo ukafa. Injinia akafunga macho, akayafungua, akaokota turubai lake na kukimbia kurudi kwa lori lake, na wale wale waliokuwa wakitazama wakamkimbilia kumsaidia kuvuta kamba. Jeptoo alikuwa ameshapanda trekta. Moshi, kelele, trela ikaingia getini, na sehemu yake ya nyuma ilipopita tu mnyororo ukafungwa, na mvua ikashuka. Haikuanza, ilishuka.

Mahindi yake yalipimwa yakiwa makavu. Ya Injinia pia yalibaki makavu, kwa sababu turubai lilibaki lake. Mnaona? Msichana angeshinda, lori la Injinia lingelowa. Injinia angeshinda, trela ingelowa. Nilikuwa nimewafunza watu sare miaka mingapi, na mimi mwenyewe nilidhani ni kitu cha kujiokoa tu.

Injinia alikuja kujikinga kibandani kwangu, anadondoka maji. Nikampa chai. Akasema, "Mama Njoki, huyo msichana umemfunza vibaya. Hajui kushinda."

"Na wewe umeshinda?" nikamuuliza. Akacheka, akanywa chai yake.

Lakini Jeptoo hakucheka. Mvua ilipopungua alitoka na trela tupu, akasimamisha trekta mbele ya kibanda, akashuka bila kuzima injini. Nilidhani anakuja kunikumbatia. Nilikuwa hata nimeshapangusa mikono.

"Ile kete ya katikati," akasema. "Uliona ni mtego?"

"Niliona."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Na ningegusa? Ungeniacha tu niguse?"

Ulimi wangu ulikuwa umevimba kwa ile chapati. "Ningekuacha," nikasema. "Ningeongea, ungeshindwa hapo hapo. Unajua sheria."

"Najua sheria!" Alikuwa analia kwa hasira, kamasi na yote. "Mimi nasema, uliniacha peke yangu, Mama. Mavuno yetu yote, na wewe unakula chapati!"

Nilikuwa na majibu mengi. Nina mdomo, mnanisikia. Lakini alikuwa anasema kweli. Nilimwacha peke yake. Akapanda trekta akaenda, bila hata kuaga, na iliniuma kwa muda mrefu. Msidhani mwanafunzi akifanya vizuri atakushukuru. Wengine watakukasirikia, na watakuwa na haki.

Msimu uliofuata alikuja tena na trela, na turubai jipya. Akaketi, akapanga kete, akaniambia, "Leo nifunze vile ulinyamaza." Nikamwambia hiyo haifunzwi. Akasema, basi tucheze. Tumecheza mpaka leo. Ndiye huyo mnamwita Madam.

Jumamosi iliyopita nilifika hapa mapema nikachungulia dirishani kabla ya kuingia. Kulikuwa na msichana mdogo anacheza, kete tatu kwa tatu, na alikuwa amelishwa, mkono wake uko njiani kwenda kula. Madam wenu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni, ana mswaki wa kijiti mdomoni. Alikuwa anautafuna haraka haraka. Na mimi namjua huyo tangu akiwa na umri wenu, meno yake hayana shida yoyote.